Dozi Isiyokwisha: Lugha ya Muuguzi na Dawa za Kupunguza Kolesteroli

Utangulizi

Makala haya yanahusu sentensi moja fupi inayosemwa kila siku kwenye madirisha ya dawa: "Maliza dozi." Kisarufi haina kasoro, na kwa mgonjwa wa malaria ni sentensi inayookoa maisha. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa ya kupunguza kolesteroli akiambiwa hivyo hivyo, anaweza kuacha dawa siku ya 30 huku akiamini kwamba ametii maagizo yote. Dozi si imekwisha?

Sisi si waganga wala wafamasia, na hatukusudii kuandika cheti cha dawa. Sisi ni walimu wa lugha. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi wa tafsiri na ukalimani watafanya kazi hospitalini, kambini na katika mashirika ya afya, na baadhi yao watafundisha Kiswahili kwa wauguzi. Hivyo hatuna budi kujiuliza: muuguzi anapomweleza mgonjwa dawa ambayo haina mwisho, Kiswahili chetu kinamsaidia au kinamkwaza?

Kwa nini Nchelenge

Tumechagua mfano wetu nje kidogo ya mipaka tuliyoizoea. Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha kuu ya upande wa Zambia ni Kibemba, na Kiingereza ni lugha ya ofisi. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha saba za kienyeji zinazotambuliwa rasmi nchini humo.

Pamoja na hayo, Kiswahili si mgeni katika eneo hilo. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika huko katika karne ya 19, na mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na kumshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Katika zama zetu, mwaka 2017 mapigano kusini mashariki mwa Kongo yaliwafanya maelfu ya watu kuvuka mpaka. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wengi walihamishiwa makazi ya Mantapala, yote mawili yakiwa katika wilaya ya Nchelenge. Wengi wao walitoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, ambako Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani.

Hapo ndipo penye suala letu. Muuguzi aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza na anayezungumza Kibemba anakutana na mgonjwa anayezungumza Kiswahili. Mara nyingi wataelewana kwa Kibemba, kwa kuwa wengi wa ng'ambo nao wanakijua. Pale wasipoelewana, mkalimani ataitwa, na huenda mkalimani huyo akawa amesoma Kiswahili sanifu kutoka katika vitabu vyetu.

Sababu ya pili ni malaria. Nchelenge inajulikana kwa kuwa na malaria nyingi mwaka mzima. Zambia nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kupitisha dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa hiyo hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla dozi sita, kisha basi. Kwa hiyo mkazi wa ufuko wa Mweru amejifunza maana ya neno "dawa" kwa kupitia malaria: unaumwa, unapimwa, unakunywa, unamaliza, unapona. Dawa za kolesteroli hazifuati mfuatano huo.

Dawa hizi hufanya nini

Kabla ya kuchagua maneno, mkalimani sharti aelewe jambo lenyewe. Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji ili kujenga utando wa seli na kutengeneza baadhi ya homoni. Sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki kwenye chakula. Hutengenezwa na ini. Husafirishwa katika damu ndani ya vifurushi. Vifurushi viitwavyo LDL huitoa kwenye ini kuipeleka mwilini, na vikizidi kwa miaka mingi kolesteroli hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu, ikaifanya kuwa myembamba na rahisi kuziba. Mshipa ukiziba moyoni ni shambulio la moyo. Ukiziba kichwani ni kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la statini. Mwanzo wake ni kazi ya mwanasayansi Mjapani, Akira Endo, aliyechunguza maelfu ya kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Simvastatini iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007.

Utendaji wake ni huu: statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, hutoa vipokezi vingi zaidi vya kunasa LDL kutoka katika damu, na kiwango chake katika damu hushuka. Kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya shambulio la moyo au kiharusi hupungua kwa takribani sehemu moja kati ya tano. Lakini kizuizi hicho hudumu maadamu dawa ipo mwilini. Mgonjwa akiacha, ini hurudia kazi yake, na baada ya wiki chache kiwango hurudi kilipokuwa. Jambo hili ndilo kiini cha elimu yote kwa mgonjwa, na ndilo ambalo lugha ya malaria haiwezi kulibeba.

Vitenzi vinavyopotosha

Tukiwapa wanafunzi zoezi la kueleza dawa hizi kwa maneno mepesi, vitenzi vinavyojitokeza kwanza ni "kusafisha damu", "kuosha mishipa" na "kuyeyusha mafuta". Ni vitenzi vyenye picha nzuri, na msikilizaji huelewa mara. Tatizo ni kwamba anaelewa vibaya.

Vitenzi hivyo vina mwisho ndani yake. Nguo ikishaoshwa ni safi. Hakuna anayeendelea kuosha nguo safi. Samli ikishayeyuka imeyeyuka. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba kidonge kinaosha mishipa atafikiri sawasawa kabisa akisema kwamba baada ya mwezi mishipa imeshaosheka. Hatuwezi kumlaumu kwa kutumia mantiki ya sentensi tuliyompa.

Vipo vitenzi vingine visivyo na mwisho wa namna hiyo: kuzuia, kulinda, kushikilia, kutuliza. Mlinzi wa usiku akiondoka kwa kuwa jana hapakuja mwizi, kila mtu anajua kosa liko wapi. "Dawa hii inalizuia ini lisitengeneze mafuta mengi, siku usipoinywa, hakuna wa kulizuia." Sentensi hii ni ndefu kuliko "inasafisha damu", lakini haihitaji kusahihishwa mwezi unaofuata.

Tuchukue mfano wa mazungumzo, ambao tumeutunga kwa ajili ya darasa. Mzee mmoja wa Mantapala, mwenye kisukari, amerudi kliniki baada ya miezi mitatu.

Muuguzi: Jambo, baba. Vidonge vya usiku vinaendeleaje?
Mzee: Dawa ilisha kwisha, mama. Miye niko muzima.
Muuguzi: Ilikwisha lini?
Mzee: Ule mwezi wa kwanza. Mulisema nimalize, nikamaliza.

Mwanafunzi wa isimu ataona kwamba umbo la Katanga "ilisha kwisha" linaonyesha tendo lililotimia kabisa. Mzee hakusahau wala hakukaidi; anatoa taarifa ya kazi iliyokamilika. Muuguzi akigomba, mzee atajua tu kwamba amegombezwa, wala hatajua kwa nini. Jibu linalofaa linaanza kwa kukubali kosa la lugha: "Baba, ulifanya kama tulivyosema, ila sisi hatukusema vizuri. Dawa ya malaria inamalizwa. Hii haimalizwi. Vidonge vikibaki vichache, ndipo unakuja kuchukua vingine."

Jina la kitu chenyewe

Katika maandishi ya afya ya Kiswahili tunakutana na majina matatu: kolesteroli, lehemu, na mafuta kwenye damu. Kila moja lina faida na hasara.

"Lehemu" lina sura ya Kiswahili na hutumiwa na waandishi wa Tanzania, lakini kwa watu wengi lehemu ni ile ya fundi wa kuunganisha vyuma. Mgonjwa akiambiwa ana lehemu nyingi mwilini, huenda akafikiria risasi iliyoyeyushwa. Huko Mweru ugumu huzidi, kwani neno hili halina mwenzake katika Kibemba wala Kifaransa.

"Mafuta kwenye damu" hueleweka pande zote za ziwa, maana Kibemba nacho husema amafuta. Hasara yake ni swali linalofuata mara moja: "Mimi ninakula bukari na samaki wadogo, mafuta hayo nimeyatoa wapi?" Muuguzi asipokuwa na jibu, mgonjwa mwembamba ataamua kwamba dawa si yake. Jibu lipo, nalo ni rahisi: ini lenyewe huyatengeneza, kwa mnene na kwa mwembamba.

"Kolesteroli" ni neno geni, lakini ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya maabara, na mtu aliyezoea Kifaransa cha hospitali za Kongo atalitambua kwa sauti. Ushauri wetu ni kutumia yote mawili kwa utaratibu: kwanza maelezo, "mafuta yanayotengenezwa na ini na kutembea kwenye damu", kisha jina, "yanaitwa kolesteroli". Baada ya hapo tushike jina hilo moja tu hadi mwisho wa mazungumzo.

Tunaongeza tahadhari moja ya msamiati. Kwa Mkongo, "munganga" ni mtaalamu wa hospitali. Kwa Mtanzania, "mganga" huweza kuwa wa hospitali au wa jadi. Kwa Mbemba, ng'anga ni wa jadi. Sentensi "muulize mganga kabla ya kuchanganya dawa" inaweza kumpeleka mgonjwa mahali tusipokusudia. Tuseme "muuguzi au daktari wa hapa kliniki".

Saa, mara na siku

Maagizo mengi hupotea katika maneno madogo. "Kunywa kidonge kimoja mara moja" lina maana mbili: kunywa kimoja tu, au kunywa sasa hivi. Maana ya tatu, yaani kila siku, haimo kabisa. Tuseme: "Kila siku, kidonge kimoja."

Hali kadhalika saa. Simvastatini hunywewa jioni au usiku, kwa sababu haidumu sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hudumu zaidi, hivyo huweza kunywewa wakati wowote, mradi uwe ule ule kila siku. Sasa mkalimani akisema "saa mbili usiku" kwa hesabu yetu, mtu anayehesabu saa kwa desturi ya Kifaransa au Kiingereza huenda akasikia saa nane za usiku. Tuiache saa kando, tutaje tendo: "unapokwenda kulala" au "baada ya chakula cha jioni". Akisahau usiku mmoja, aendelee na kidonge cha siku inayofuata. Asinywe viwili kufidia.

Maudhi na madhara

Kuna tofauti kubwa kati ya "madhara ya dawa" na "maudhi ya dawa". Neno la kwanza linatangaza kwamba dawa inadhuru. La pili linasema kwamba inaweza kusumbua. Uteuzi huu si adabu tu. Mwaka 2020 ulichapishwa Uingereza utafiti uitwao SAMSON, uliowahusisha watu 60 walioacha statini kwa sababu ya usumbufu. Kwa nyakati tofauti walipewa statini, vidonge visivyo na dawa, na miezi mingine hawakupewa kidonge chochote. Ilibainika kwamba takribani asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakiwa na statini waliupata pia wakiwa na vidonge visivyo na dawa. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini sehemu kubwa ilitokana na matarajio, na matarajio hujengwa na maneno.

Hatusemi kwamba muuguzi afiche. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba misuli inaweza kuuma, na kwamba maumivu makali au udhaifu wa misuli, hasa mkojo ukiwa na rangi nzito kama chai ya rangi, au macho yakigeuka manjano, ni jambo la kumleta kliniki siku hiyo hiyo. Aidha, ni lazima ataje dawa zote anazotumia. Baadhi ya antibiotiki kama klarithromisini na erithromisini, baadhi ya dawa za kuvu, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, hasa zenye ritonavari, hazipaswi kuchanganywa na simvastatini. Balungi nalo huongeza nguvu ya simvastatini katika damu. Mwanamke mwenye mimba, anayetarajia kuipata au anayenyonyesha amwambie muuguzi mapema, maana kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Katika kuyasema hayo, mpangilio una uzito. Tukianza na orodha ya hatari na kumalizia na faida, mgonjwa huondoka na hatari. Tuanze na kazi ya dawa, tutaje kwamba wengi huinywa bila taabu, kisha tumpe dalili chache za kumrudisha kliniki.

Chakula cha ufukoni

Dawa haiondoi haja ya kuangalia chakula, na hapa mfano wa Mweru unatufundisha tena. Chisense, wale samaki wadogo mfano wa dagaa wanaoanikwa kando ya ziwa, ni chakula kizuri. Cha kuangalia ni chumvi na mafuta ya kukaangia. Sombe, ambayo Wabemba huiita katapa, hupikwa na wengi kwa karanga au mawese. Mawese hayana kolesteroli hata chembe, kama yalivyo mafuta yote ya mimea, na madumu mengi ya mafuta hutangaza hivyo. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, na hayo ndiyo huongeza LDL katika damu. Kwa hiyo "haina kolesteroli" ni sentensi ya kweli inayoweza kumdanganya msomaji. Muuguzi hana haja ya kuyapiga marufuku, aseme kwa kipimo: "vijiko viwili vya sufuria nzima, si kikombe."

Kutoka "Umeelewa?" hadi "Utamwelezaje mama?"

Swali "Umeelewa?" lina jibu moja tu la heshima, nalo ni "Ndiyo." Hasa pale ambapo mgonjwa ni mgeni na muuguzi ndiye mwenye dawa, hakuna atakayesema hapana. Tunapendekeza muuguzi aubebe mzigo wa kueleza: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwambiaje mama kuhusu kidonge hiki?" Mgonjwa akisema "ni cha kuosha damu, nitamaliza mwezi huu", muuguzi ameligundua kosa akiwa bado kitini, si baada ya kiharusi.

Kwa walimu watakaotaka kulifanyia kazi somo hili darasani, tunatoa mafungu machache ya kubadilisha:

Badala ya "Maliza dozi", tuseme "Usikatishe, vikikaribia kwisha njoo uchukue vingine."
Badala ya "Inasafisha damu", tuseme "Inalizuia ini lisitengeneze mafuta mengi."
Badala ya "Ukijisikia vibaya uje", tuseme "Uje tarehe hii hata ukijisikia mzima."
Badala ya "Utapona", tuseme "Itakulinda maadamu unainywa."
Badala ya "Saa mbili usiku", tuseme "Unapokwenda kulala."

Sentensi ya tatu yafaa kutiliwa mkazo. Kolesteroli haiumi, na dawa yake haisikiki ikifanya kazi. Kiambishi "-ki-" cha masharti katika "ukijisikia vibaya" kinamfunga mgonjwa kungoja dalili, na kwa wengi dalili ya kwanza ndiyo shambulio lenyewe.

Hitimisho

Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia na Kongo zote ni wanachama wake, ilipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya nne ya kazi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mzee wa Mantapala hataisikia lugha hiyo mikutanoni. Ataisikia kwenye dirisha la dawa, kutoka kwa mtu mwenye haraka na foleni ndefu nyuma yake. Tunawaomba walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili cha afya waichukue sentensi "maliza dozi" na kuwauliza wanafunzi wao: ni ya ugonjwa upi, na ni mgonjwa yupi asiyepaswa kuambiwa hivyo?